Barua za Kufungua Shule

Lilian alinipigia simu asubuhi nikiwa naanika nguo. Hakunisalimu. Alisema tu, "Madam ametuacha," nami sikumuuliza Madam yupi, kwa sababu sisi wawili tulikuwa na Madam mmoja tu. Nilikaa kwenye ndoo niliyokuwa nimeipindua, sabuni ikinikaukia mikononi, nikamsikiliza akilia upande wa pili. Madam Rispah alikuwa ameugua figo muda mrefu, na hakuna aliyeweza kusema tumeshtukizwa. Lakini tangu asubuhi ile simkumbuki Rispah wa hospitali, mwembamba, akiuliza kama kuna mtu amemwagilia maji mboga zake za sukuma. Nimejaribu pia kumkumbuka akicheka, maana alikuwa mcheshi hasa, nimeshindwa. Nikifumba macho namwona ameketi mbele ya kompyuta, mgongo wima, sweta ya kijivu imening'inia mabegani, akiandika sentensi moja mara mbili.

Nilifika kwenye shule ile mwanzoni mwa 2007, nikiwa na cheti cha kompyuta na viatu vya kuazima. Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, juu kidogo ya mji wa Nakuru, upande wa Menengai, yenye wasichana wachache wa kutwa pia. Ofisi yetu ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja. Kulikuwa na meza mbili, kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya nyumbani kwa mtu, printa iliyokohoa kabla ya kuchapa, na kabati la chuma ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba ya kiatu. Nyuma kulikuwa na stoo, na kati ya stoo na ofisi ya Mwalimu Mkuu kulikuwa na ukuta wa plaiwudi tu. Humo stooni ndimo tulimokula. Rispah alikuwa na jiko dogo la umeme, la koili, ambalo halikuruhusiwa, na kila mchana alichukua githeri ya jikoni ya shule, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akaikaanga upya kwa kitunguu na nyanya mpaka ikanukia kama chakula cha watu wengine kabisa. Siku nyingine alileta omena, dagaa wa ziwani, kutoka kwake, za kukaanga zikakauka, tukazila kwa ugali huku tukisikiliza mambo ya Mwalimu Mkuu kupitia plaiwudi: wazazi wakiomba, walimu wakilalamika, msichana akikana kwamba simu ile ni yake. "Usicheke kwa sauti," Rispah angenong'ona, "tukisikia sisi, na wao wanasikia."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alizaliwa Nakuru, kwenye nyumba za reli, wazazi wake wakiwa wametoka magharibi, na alizungumza Kiswahili cha mjini kisicho na haraka, kama mtu anayepima nguo kabla ya kukata. Nilijua kupiga chapa, lakini sikujua mail merge. Ofisi nzima iliita hivyo, kwa Kiingereza, hata matroni ambaye hakuwahi kugusa kompyuta. Unaandika barua moja. Pale penye jina unaacha nafasi, na kompyuta inachukua majina kutoka kwenye orodha, hili baada ya lile, hadi kila mzazi apate barua inayoonekana kuandikwa kwa ajili yake peke yake. Hilo nililielewa upesi. Kilichonishangaza ni masharti. Ndani ya barua ileile unaweza kuiambia kompyuta: kama msichana analala bwenini, andika aje na blanketi na ndoo, la sivyo, andika awe amefika kabla ya kengele ya asubuhi. Mzazi haoni hayo. Yeye anaona sentensi yake tu, na hajui kwamba kuna nyingine iliyoachwa. Rispah alibonyeza Alt na F9, barua ikavua nguo zake mbele yangu, nikaona mifupa: mabano yaliyopinda, majina ya safu za orodha, sentensi mbili zimekaa bega kwa bega ndani ya alama za kunukuu, zikingoja moja ichaguliwe.

"Hii mashine haina roho, Conso," aliniambia. "Haijui kusitasita. Ukiiambia kama, inataka ujue unasema nini."

Sharti alilolilinda kuliko yote lilikuwa la salamu. Kama nafasi ya baba iko wazi kwenye orodha, barua ianze "Mpendwa Bibi", la sivyo, ianze "Mpendwa Bwana na Bibi." Miaka kadhaa kabla sijafika, barua zote zilitoka kwa mtindo mmoja, na mama mmoja akaja ofisini akiwa ameshika bahasha yenye jina la mume aliyemzika likizo ile. Aliiweka mezani, akageuka, akatoka. Rispah alinisimulia hayo akikoroga githeri, na akasema siku ileile alikaa mpaka akajifunza masharti kutoka kwenye kitabu kilichokuja na kompyuta. Tangu hapo, kila muhula, kabla hatujachapa chochote, tulipitia orodha tukiulizana nani amefiwa.

Mwaka ule ulikwenda vizuri, na labda ndiyo maana unanitisha. Nilipata marafiki, nilirudisha viatu nikanunua vyangu, nilijifunza kupika omena. Kufikia Novemba wasichana walikuwa wakibishana kuhusu uchaguzi kwenye foleni ya chai kama walivyobishana kuhusu nyimbo, na Mwalimu Mkuu aliwapigia kelele mara moja moja. Tulifunga shule, tukatakiana Krismasi njema. Rispah alinipa kilemba kipya na akaniambia nikale nyama mpaka nilie.

Yaliyofuata baada ya kura waliokuwepo wanayajua. Sitataja makabila hapa. Wasomaji wa kwetu watajaza wenyewe, na kujaza huko ndiko kulikotuangamiza. Niseme tu kwamba Januari ilipoanza nilikuwa nikilala na viatu miguuni, kwamba nyumba ya tatu kutoka kwangu haikuwa na paa tena, na kwamba nilipopanda kwenda shuleni, baada ya kuitwa, nilipita kando ya uwanja wa maonyesho nikaona mahema na magodoro na watu waliokaa chini bila kufanya lolote. Mji wenyewe ulikuwa kimya. Watu walisema Nakuru itapona, Nakuru ni ya watu wote. Tulisema hivyo kwa sauti ya chini.

Kazi tuliyoitiwa ilikuwa barua za kufungua shule. Serikali ilikuwa imesogeza tarehe mbele, wazazi walikuwa wametawanyika, na kila mzazi alitaka karatasi yenye muhuri kabla ya kumtoa mtoto barabarani. Tulikuwa stooni, mimi na Rispah, chai mkononi, tuliposikia sauti ya Bwana Hezron upande wa pili. Alikuwa mjumbe wa bodi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na mabati ya bwalo la kulia chakula yalitoka kwake. Alikuwa mtu wa kukumbuka majina ya wasichana. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

"Mimi sina ubaya na mtoto wa mtu, Madam," alikuwa akimwambia Mwalimu Mkuu. "Hii ni security. Wale wa kutoka upande ule, waambiwe watafute shule huko kwao. Tutawaandikia barua nzuri ya kuwaachilia."

"Na wa Form Four?" Mwalimu Mkuu aliuliza. "Mtihani ni mwaka huu. Nani atawapokea saa hii?"

"Watapokelewa na watu wao."

"Bwana Hezron, hao ni wasichana wangu."

"Ndio nasema tuwatoe mapema, wakiwa hai. Wakiguswa hapa, utasimama wewe mbele ya wazazi wao?"

Nilimtazama Rispah. Alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo, hanywi. Kisha tukamsikia Mwalimu Mkuu akisema, kwa sauti niliyoisikia siku hiyo tu, "Haya. Ongea na Rispah."

Bwana Hezron alikuja akaketi kando ya Rispah, akavua kofia yake, akataka aongezewe safu kwenye orodha. Iitwe Eneo. Kila msichana awekewe A au B. A barua imwite shuleni. B barua imwambie kwamba kwa usalama wake atafute nafasi karibu na nyumbani. Nilikuwa mezani kwangu nikipanga bahasha, na nikamsikia akisoma majina kwa sauti, moja moja, kama mwalimu anayeita rejista, na baada ya kila jina herufi. Mengine aliyasema haraka. Mengine yalimchelewesha. "Huyu mama yake ni wa hapa, sindio? Lakini baba..." Alikuna shavu. "Weka B." Jina langu, kama ningekuwa mwanafunzi, lingekuwa A, na nilijua hivyo kabla hajafika kwenye herufi yangu ya mwanzo, na nilihisi nafuu, halafu nikaona haya kwa ile nafuu. La Rispah lingekuwa B. Naye Bwana Hezron alilijua, maana alipomaliza alimgusa bega, akasema, "Wewe Madam Rispah usiogope. Wewe ni wetu."

"Asante," Rispah alisema.

Aliandika barua mchana ule. Nilisimama nyuma yake na kumwona akifungua mabano, akiweka safu ya Eneo, akiweka B. Kisha akaandika sentensi ya kwanza: kwamba shule itafunguliwa, kwamba tunamsubiri binti yenu, kwamba kitanda chake kipo. Akaweka alama ya kufunga. Akaandika sentensi ya pili, ya wale wengine: kwamba shule itafunguliwa, kwamba tunamsubiri binti yenu, kwamba kitanda chake kipo.

"Madam," nilisema, "umerudia."

"Sijarudia. Soma polepole."

Nikasoma.

"Si afadhali uondoe sharti kabisa?"

"Akija kuuliza kama nimeweka A na B, zipo," alisema. "Mimi sijakataa kazi ya mtu." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

Bwana Hezron alirudi kweli. Rispah alibonyeza vitufe vyake viwili, mifupa ikatokea, naye akainama, akatafuta, akaiona B yake ndani ya mabano. "Hapo sawa," alisema, na hakusoma mbele. Baadaye tukapeleka rundo kwa Mwalimu Mkuu ili atie sahihi. Alitia kwa mkono wake, barua moja baada ya nyingine, kama alivyofanya siku zote, miwani ikiwa puani. Nilikuwa nikizipokea na kuzikunja. Katikati ya rundo kalamu ilisimama. Alikuwa na barua ya msichana ambaye sote tulijua herufi yake. Aliisoma hadi chini. Akarudi kwenye iliyotangulia, akaisoma nayo. Akainua macho akamtazama Rispah, aliyesimama mlangoni amefumbata mikono, na wakatazamana hivyo kwa muda ambao sikuthubutu kukunja karatasi.

"Conso," Mwalimu Mkuu alisema, "hii kalamu inakwaruza. Niletee nyingine."

Nilimletea. Akatia sahihi zote zilizobaki.

Barua zilikwenda kwa posta, kwa mabasi yaliyokuwa bado yakisafiri, kwa wachungaji na makatekista. Siku ya kufungua wasichana walikuja. Wengi hawakuja, na wengine hatukuwaona tena, lakini waliokuja walitoka pande zote, wakakumbatiana getini wakipiga mayowe hata mlinzi akageuza uso. Lilian alikuja na baba yake. Alikuwa kidato cha nne, kiranja wa maktaba, msichana wa kusoma akitembea. Nyumbani kwao kulikuwa mbele ya Salgaa, na walikuwa wamekuja kwa lori la maziwa, wote wawili wamebanana mbele na dereva. Baba Lilian alikuwa mtu mrefu aliyeingia ofisini akiinamisha kichwa ingawa mlango ulikuwa juu yake vizuri. Rispah alimkaribisha stooni, akamchemshia chai ya maziwa mengi, akampa viazi vitamu vilivyobaki. Alikula kwa adabu, akipangusa mikono kwa leso kila alipomaliza kipande, akituambia kuhusu ng'ombe wawili aliowahamishia kwa shemeji, na kuhusu barabara. Kisha akatoa barua mfuko wa ndani wa koti. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi.

"Hii ndio imenitoa kwangu," alisema. "Mama yake alikataa kabisa. Akasema, ngoja tuone. Nikamwambia, Mama Lilian, hawa watu wametuita kwa jina. Wangekuwa hawatutaki, wangetuita?"

Rispah alimwongezea chai.

"Nani ameiandika?"

"Ni mimi, Baba Lilian."

Alisimama, akainama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akuweke, Madam. Mimi nilidhani tumeshakuwa maadui wa kila mtu." Alisema atalala mjini kwa mtu wa kanisani kwake, anunue dawa ya ng'ombe, kesho apande kwenda kwao. Lilian alimsindikiza hadi getini. Niliwaona kwa dirisha. Hawakukumbatiana. Alimrekebisha binti yake kola, akaenda.

Kesho yake Nakuru iliungua. Tuliona kutoka juu: moshi mahali pamoja, halafu pengine, halafu huwezi tena kusema ni wapi. Tulisikia milio tuliyodhani ni mabati mpaka mwalimu mmoja aliyewahi kuishi karibu na kambi ya jeshi akatuambia tulale chini. Wasichana waliwekwa bwaloni, magodoro yakipangwa ukutani, A na B wakiwa wamelaliana magotini, na matroni akiwaimbisha nyimbo za kanisa kwa sauti iliyokauka. Mchana pikapu ya Bwana Hezron ilipanda ikiwa na magunia ya unga. Alikuja peke yake, shati limelowa jasho. Alipoingia bwaloni akaona nyuso, alielewa. Alizipitia moja moja, kama alivyoyasoma majina. Alimkaribia Rispah na kumwambia neno moja tu: "Nilikwambia."

Hakuondoka. Hilo nalo ni lazima nilisimulie. Vijana walipokuja getini na mapanga, wakiuliza kama kuna watu wa upande ule ndani, yeye ndiye aliyetoka pamoja na mlinzi. Walikuwa vijana wa kwao, wengine aliwajua wazazi wao. Tulimsikia akisema, "Hapa ni watoto tu. Mimi ni Hezron, mnanijua. Mkitaka kuingia, anzeni na mimi." Walimtukana, wakamwita msaliti, wakarusha mawe yaliyovunja kioo cha pikapu, mwishowe wakashuka. Alirudi ndani akaketi juu ya gunia la unga, na Rispah akampelekea maji, akayanywa. Nimejaribu miaka yote hii kumchukia sawasawa, nimeshindwa. Nimejaribu pia kumsamehe.

Habari za Baba Lilian zilikuja kwa simu ya ofisi, kutoka kwa dereva wa lori la maziwa. Mzee alikuwa ameamua kutoka mjini kwa miguu, ili akutane na lori mbele, na kulikuwa na kizuizi barabarani, vijana na magogo. Waliuliza vitambulisho. Dereva alisema alimtambua kwa koti. Mimi ndiye niliyeinua simu, nikampa Rispah, na nikamwona akisikiliza akiwa amesimama, akisema "ndio" na "ndio" na "nashukuru umetuambia," kisha akaweka simu taratibu mahali pake kana kwamba ingevunjika.

Alimkataza matroni asimwambie Lilian, akamkataza na Mwalimu Mkuu. Alimleta stooni mwenyewe, akafunga mlango. Mimi nilibaki mezani kwangu. Sikusikia alivyomwambia, nilisikia kiti kikianguka, halafu sauti ambayo sitaieleza. Baada ya muda mrefu ikaja ile sauti ya Lilian ya kawaida, ya maktaba, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Madam, hao wengine wa upande wetu walikuwa waambiwe wasikuje?"

Lazima alisikia bwaloni. Wasichana wanajua kila kitu.

"Bodi ilitaka waambiwe hivyo," Rispah alisema. "Na wewe. Mimi nikaandika mje."

"Sasa kama ungeandika vile walitaka, Baba angekuwa nyumbani."

"Angekuwa nyumbani."

"Ulijua kunaweza kuwa hivi?"

"Nilijua kunaweza kuwa vibaya. Sikujua ni lini, na sikujua ni nani. Siwezi kukuambia pole ikatosha, Lilian. Na siwezi kukuambia ningeandika tofauti. Nimejiuliza tangu simu ilipopigwa. Sijui."

Nilisikia jiko la koili likiwashwa. Rispah alikuwa akipasha chai, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya kwa mikono.

Lilian hakwenda mazishini; barabara haikupitika, na baba yake alizikwa haraka. Alibaki shuleni muhula mzima, na likizo ya Aprili alibaki pia, akilala kwa Rispah. Kwa majuma mengi hakumsemesha. Alikula chakula chake, akamwoshea vyombo, akaketi chumba kilekile akisoma, na akitaka chumvi aliinuka akaichukua mwenyewe. Rispah aliniambia hayo bila kulalamika. Alikuwa amekonda, na alikuwa na tabia mpya ya kusimama katikati ya sentensi kama mtu aliyeitwa kutoka nje. Mara mbili tatu nilimkuta amefungua ile barua ya Januari, mifupa yake ikiwa wazi kwenye skrini, anaitazama tu.

Kabla ya muhula wa pili ilibidi tuandike barua za kawaida. Tulikaa na orodha kama zamani, tukiulizana nani amefiwa, na safari hii ilichukua siku nzima, kwa sababu ilitubidi kupiga simu na kuuliza, na wengine hawakujua, na wengine hawakupatikana. Tulipofika kwa Lilian, Rispah aliweka kishale kwenye jina la baba yake. Alikaa hivyo. Kisha akafuta herufi moja moja, kutoka nyuma kwenda mbele, badala ya kulifuta jina zima kwa mara moja kama alivyonifundisha. Tulipochapa, printa ikakohoa, barua ikatoka, nayo ilianza: "Mpendwa Bibi." Mashine ilikuwa imechagua yenyewe. Sharti lililotungwa kwa huruma lilikuwa limefanya kazi yake bila kosa, na Rispah akaichukua ile karatasi, akatoka nayo nje, akasimama kwenye mwanga wa jua akiwa ameigeuza upande usioandikwa.

Lilian alifanya mtihani mwaka huo akapita vizuri, na akaenda chuo cha ualimu. Bwana Hezron alijiuzulu bodi kimyakimya. Mwalimu Mkuu alihamishwa, na hakuwahi kutaja barua zile kwangu. Mimi niliondoka mwishoni mwa 2008, nikaolewa, nikafungua ofisi yangu ndogo ya kuchapa mjini. Nilikuwa nikimtembelea Rispah kwake, huko Kiamunyi, kwenye ploti aliyoinunua na nyumba ambayo hakuimaliza, tukila omena na kuzungumza juu ya kila kitu kasoro kile. Nilidhani kilikuwa kimebaki kati yangu, yeye na Lilian. Nilidhani pia kwamba yeye na Lilian walipatana siku moja niliyokuwa sipo, maana walikuwa wakipigiana simu kama mama na mwana.

Tulimzika Kiamunyi, kama alivyotaka. Baada ya ibada watu walipokuwa wakipakuliwa chakula, Lilian alinishika mkono akaniongoza hadi chini ya turubai, ambapo mama mmoja mzee alikuwa ameketi peke yake, leso nyeupe kichwani, sahani ya pilau haijaguswa mapajani. "Conso, huyu ni Mama," alisema. Sikuwahi kumwona. Nilipiga magoti kidogo nikamsalimu kwa mikono miwili, na nikaanza kusema pole, ya leo na ya zamani, nikachanganyikiwa katikati.

"Wewe ulikuwa naye kwa ile ofisi," alisema.

"Ndio, Mama."

"Alikuwa akija kwangu kila Januari. Lilian amekuambia?" Hakuwa ameniambia. "Mwaka wa kwanza sikufungua mlango. Alikaa nje kwa jua mpaka gari ya kurudi ikafika. Mwaka wa pili nikamtolea kiti, sikumpa maji. Alikuja tu. Anakaa, ananiuliza ng'ombe wako aje, mahindi iko aje, anaenda kwa kaburi ya mzee, anarudi, anaenda kwao. Kuna mwaka alikuja amefura miguu, huo ugonjwa, akitembea na fimbo. Nikamwambia, mama, inatosha, wacha kujiua. Akasema sawa. Januari ikafika, akakuja."

Nilisema, kwa sababu nilidhani ndilo jambo la kusema, kwamba nashukuru alimsamehe.

Mama Lilian alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyetafsiriwa vibaya.

"Sikumsamehe," alisema. "Nani amekuambia nilimsamehe? Nilimzoea." Aliiweka sahani kwenye nyasi, akajifunika shuka mabegani vizuri ingawa kulikuwa na jua. "Sasa Januari nitakaa hapo nje nikingoja nani?"